Samaki Punda Milia Wafika Sigowet

(Hotuba ya Mwenyekiti Johana arap Sigilai katika uzinduzi wa Maabara ya Samaki na Mishipa ya Fahamu, uwanja wa kituo cha kununulia majani ya chai, Sigowet, Ijumaa tarehe 29 Oktoba 1999, kuanzia saa tano na nusu asubuhi. Imeandikwa na katibu wake, Kipkorir. Yaliyo ndani ya mabano ni ya katibu.)

Bwana Chifu, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake, nayo naiona pale kwenye kiti cha mbele. Manaibu wa Bwana Chifu, pamoja na wasaidizi wa manaibu. Wachungaji wa makanisa yote, yale ya ngoma na yale yasiyo ya ngoma. Bwana Mwalimu Mkuu na kamati yake ya wazazi. Wazee wa mitaa. Sista Rebeccah, muuguzi wa zahanati yetu. Wakulima wa majani mawili na kichipukizi, na hata nyinyi mnaoficha majani makuukuu chini ya kikapu, kwa sababu kamati hii haibagui mtu. Akina mama wa maziwa. Wageni wetu kutoka Chepseon na Siongiroi, ambao nimeambiwa mlikuja sokoni tu lakini mkaona mbaki. Mabibi na mabwana, chamgei.

(Umati: "Chamgei mising.")

Nirudie tena, chamgei, kwa maana upande ule wa lori hawakuitikia.

(Upande wa lori unaitikia. Hilo ni lori la majani, limeegeshwa nyuma ya watu, na dereva wake, Weldon, amekaa kwenye ngazi ya mlango. Ataondoka saa saba kamili kupeleka majani kiwandani, na kutoka kiwandani hadi hospitali ya mjini ni mwendo mfupi wa miguu.)

Asanteni. Kabla sijazama ndani ya kiini cha dhima ya madhumuni ya siku ya leo, niruhusuni nijitambulishe kwa wale wachache ambao bado hawanijui, kama wapo, na kama wapo nawaonea huruma: mimi ni mwenyekiti wa kamati kumi na moja katika lokesheni hii, na ile ya kumi na mbili niliiunda asubuhi ya leo nikinyoa ndevu, kwa sababu ya umuhimu na udharura wa jambo lililotuleta hapa, ambalo, kwa mujibu wa taarifa nilizo nazo, na nilizoziandika mwenyewe, halijawahi kutokea mahali popote kati ya hapa na Misri.

(Makofi.)

Ndugu zangu, mradi mkubwa huzaliwa kwa njia ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzifuatilia. Mwaka wa tisini na saba niliteuliwa, wala sikujiteua kama wanavyosema watu wa mtaa wa juu, niende Nairobi kwa semina ya siku tatu kuhusu mbinu za kisasa za kupogoa chai. Nikafika hotelini. Hoteli yenyewe ina kumbi nyingi kuliko maduka ya Sigowet, kwa hivyo niliingia ukumbi wa kwanza ulionukia mandazi. Mama mmoja Mzungu alikuwa mbele akieleza kwamba ukikata hapa, panachipuka. Ukiweka dawa hii, panachipuka upesi. Ukiweka dawa ile, hapachipuki kabisa. Nikajua nimefika penyewe. Nikaandika kurasa tisa bila kuinua kichwa. Ilikuwa siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, ndipo walipozima taa wakaonyesha picha ukutani, nikagundua kwamba kinachokatwa si mchai, ni samaki.

(Kicheko kirefu, hasa upande wa akina mama wa maziwa.)

Chekeni tu. Mtu mwenye moyo mdogo angetoka nje akatafute semina yake. Mimi sikutoka. Kwanza chakula cha pale kilikuwa kizuri, na pili niliona mbali.

Samaki huyu, waheshimiwa, anaitwa samaki punda milia, kwa ajili ya mistari yake, na urefu wake haufiki kidole changu hiki. Mungu, kwa hekima ambayo kamati yangu inaiunga mkono kikamilifu, amempa kipawa alichotunyima mimi na nyinyi. Mkate uti wa mgongo leo, ile kamba ya neva inayobeba habari kutoka kichwani hadi mkiani, naye atalala chini ya maji kama mlevi wa chang'aa; lakini hesabu wiki sita hivi, neva zimeota tena na anaogelea. Mkate neva ya jicho, itaota na ataona. Sisi tukikatwa uti wa mgongo ni kukaa kitini hadi parapanda ilie. Sasa wataalamu hufanya nini? Huchukua watoto wa samaki huyo, ambao wakiwa wachanga miili yao huonekana ndani kama glasi, wakamweka kila mmoja kwenye kisahani chenye tone la dawa yake, halafu wakatazama kwa hadubini: ni dawa gani inaharakisha neva kuota, gani inazichelewesha, gani inaua samaki na ingemuua hata mchungaji. Dawa mia moja, visahani mia moja, majibu kwa siku chache. Ukitaka kujaribu dawa mia moja kwa ng'ombe, utamaliza ng'ombe wa Bomet yote, na bado majibu hujapata.

(Watu wanasikiliza kweli. Mzee mmoja: "Hiyo sasa ni akili.")

Ni akili, mzee, na akili hiyo ni yangu. Nilijiuliza moyoni, mbona hii iwe ya Wazungu peke yao? Sigowet maji tunayo. Mvua tunayo, hata ile ya mawe. Swali la kwamba samaki huyu anataka maji ya uvuguvugu, na sisi hapa asubuhi tunavaa makoti mawili, limeshughulikiwa na Kamati Ndogo ya Uvuguvugu, ambayo itakutana ikipata mwanachama wa pili.

Sasa niingie kwenye matunda, kwa sababu kiongozi asiye na matunda ni mti wa kivuli tu. Kuna mama hapa anaitwa Phelis Nyambeki. Phelis, simama uonekane.

(Phelis amesimama tangu mwanzo, karibu na lori. Mkono wake wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa leso.)

Huyu mama amenichumia chai miaka sita, na sijaona jani kuukuu kwa kikapu chake. Mwezi wa saba, tukipogoa shamba langu la chini, kisu kiliteleza kikamkata hapa, penye kifundo cha mkono. Sista Rebeccah alishona ngozi, ikapona vizuri, hilo nampongeza, lakini ndani neva ilikuwa imekatika. Kidole cha mwisho na jirani yake havisikii kitu. Kidole gumba hakina nguvu ya kubana kichipukizi. Akishika jani, hajui kama ameshika jani au hewa, na mchumaji wa mkono mmoja, nyinyi mnajua, hafiki nusu ya kikapu.

Sista kwa haraka ya ujana akaandikia hospitali ya mjini. Lakini mimi, kwa elimu niliyoipata Nairobi, nikatoa mwongozo. Nawauliza nyinyi wakulima, maana sisi ni watu wa chai. Mchai ukishapogolewa, unafanywa nini?

(Umati: "Unaachwa.")

Miezi mingapi?

(Umati: "Mitatu.")

Na mtu akiuvamia kabla ya hapo?

(Umati: "Anauharibu.")

Mmesema wenyewe. Basi nilimwagiza Phelis aupumzishe mkono wake miezi mitatu, usivutwe, usiguswe, usipelekwe kwa visu vingine, mpaka uchipuke wenyewe. Na kila Ijumaa nilifika kwake mimi binafsi, nikiwa na ule ufito tunaopimia kimo cha chai, nikagusa kidole kimoja kimoja nikimwuliza kama anasikia, nikaandika kitabuni. Ijumaa kumi na tatu, waheshimiwa, bila malipo na bila kukosa hata moja, jambo ambalo hata daktari wa Nairobi hawezi kulifanya.

(Sista Rebeccah amesimama. "Mwenyekiti, na alisikia?")

Takwimu zinaendelea kuchambuliwa.

(Sista: "Hakusikia. Mkono si mchai, Mwenyekiti. Neva ya mtu ikikatika namna ile, ncha zake zinatafutwa na kushonwa, na ikicheleweshwa sana, hata ukishona haisaidii. Tafadhali mpe Phelis barua yake.")

Sista, maswali yamewekwa kwenye ratiba baada ya hotuba, baada ya ngoma za wanafunzi, kipengele cha kumi na tisa. Lakini kwa vile mimi ni mtu wa uwazi na uwajibikaji, nitajibu. Ni kweli hospitali ilijibu. Ilijibu mwezi wa nane, kupitia sanduku langu la posta, kama barua za nusu ya Sigowet zinavyopita humo, kwa sababu nyinyi masanduku hamna na mimi sijamnyima mtu. Bahasha ilikuwa na jina la Phelis. Niliifungua ili nimsaidie kusoma. Ndani nikaona neno neva. Sasa nawauliza, katika lokesheni hii nzima, neva ziko chini ya kamati ya nani? Barua ikaingia kwenye faili la mradi, na iko hapa mbele yangu, safi, haina hata doa.

(Phelis: "Mwenyekiti, hata hukuniambia imefika. Ni juzi Sista alienda kuchukua dawa za chanjo huko hospitali, ndio akaambiwa. Wananingoja leo. Huyo daktari wa kushona neva anatoka mbali na anaondoka saa kumi, na bila hiyo barua sipangwi kwa laini. Nipatie tu, niende na lori.")

Mama, nimekusikia, na umeongea kwa heshima. Haraka haraka haina baraka. Barua utapewa kwa utaratibu, baada ya kuandika ombi, ombi likapitia kwa katibu, katibu akalileta kwenye kikao.

(Mimi katibu nasema hapo hapo kwamba ombi nimelipokea. Mwenyekiti ananiambia niandike, nisiongee. Ni saa sita na dakika ishirini.)

Tuendelee na takwimu, maana maendeleo bila takwimu ni porojo. Feasibility study, yaani upembuzi yakinifu wa mradi huu, ilifanyika kwa kiwango cha asilimia mia moja na kumi na mbili. Stakeholders waliohojiwa ni kumi na wanane, ambao kumi na saba kati yao ni jamaa zangu, jambo linaloonyesha jinsi mradi ulivyoshuka hadi mashinani. Maabara yenyewe itakuwa ya ghorofa mbili, ile ya juu ya samaki na ile ya chini ya watu wanaoangalia samaki. Kutakuwa na chumba cha hadubini, chumba cha wageni wa ng'ambo, na choo cha kuvuta kwa mnyororo. Ifikapo mwaka wa elfu mbili, yaani miezi miwili kutoka leo, dawa ya kuotesha neva itauzwa hapa Sigowet karibu na mbolea, na mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti huko Litein au aliyekanyagwa na fahali huko Chepalungu atakuja hapa akibebwa na kurudi akitembea.

(Makofi, lakini machache. Watu wanageuka kumtazama Phelis.)

Ama kuhusu samaki wenyewe, wapo waliosema kwamba samaki hatuna. Naomba kuukanusha uvumi huo kwa nguvu zote. Katika pilot phase, ile awamu ya majaribio, katibu Kipkorir alitumwa soko la Sondu, ambako mama mmoja anayeitwa Adoyo alitupatia samaki wadogo wenye mng'aro wa mistari mbavuni, karibu mia nne. Tukawatia kwenye beseni la maji ya mvua, tukawaangalia siku tatu. Matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Vifo vilifika asilimia mia moja. Lakini, waheshimiwa, nataka mzingatie kwamba vifo vyote vilitokea kabla ya mradi kuanza, maana samaki hao walikuwa omena, na walikuwa wamekaushwa.

(Kicheko kinachukua muda. Naandika kwa ajili ya kumbukumbu kwamba niliagizwa samaki wadogo wenye mistari, na sikuambiwa wawe hai. Kwetu tulilelewa kwa ng'ombe, samaki hatukuwajua.)

Cheko hilo ni la afya, na afya ndiyo shabaha yetu. Weldon, usipige honi kamati ikiwa inaongea.

(Weldon, kutoka kwenye lori: "Mwenyekiti, majani yanaungua kwa joto la magunia. Saa saba ikifika mimi natoka, na nikitoka sirudi mpaka jioni.")

Majani yangu pia yamo humo, Weldon, na mimi siungui. Nilikuwa nasema nini?

(Mama mmoja wa maziwa: "Ulikuwa unasema barua." Hakuwa anasema barua. Wengine wanadakia: "Ndiyo, barua. Isome tusikie.")

Naona kiu ya wananchi ya kupata habari. Vizuri sana. Hii, mabibi na mabwana, ni barua rasmi. Imeandikwa Kizungu cha hospitali, kile kigumu, ambacho si kila mtu aliyekwenda shule anaweza kukipanda, na nitawatafsiria papo hapo bila kamusi. Sikilizeni. "Kwa Bi Phelis Nyambeki. Kuhusu: jeraha la neva ya mkono wa kushoto. Umepangiwa kuonwa na daktari wa upasuaji siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na tisa Oktoba, kabla ya saa kumi alasiri." Ni leo hiyo. "Daktari huyu hufika kwetu mara chache, na safari yake nyingine haijapangwa. Ni muhimu usikose, kwa kuwa kadiri neva inavyokaa bila kushonwa ndivyo uwezekano wa vidole kupata hisia na nguvu unavyopungua, na baada ya muda huwa hakuna tena la kufanya. Uje na barua hii." Halafu kuna sahihi, na hapa chini kuna muhuri. Mmesikia Kizungu hicho? Uwezekano. Hisia. Yote yametoka kwangu moja kwa moja.

(Mzee wa mtaa, polepole: "Johana, umesoma hiyo barua mwezi wa nane?")

Nimeisoma mara nyingi, mzee, ni barua nzuri. Na kwa wale wa nyuma wanaonong'ona kwamba huenda muhuri si wa kweli, kwa sababu Sigowet tumezoea kudharau cha kwetu, naomba barua hii ishuke, ipite mkono kwa mkono, kila mtu auone muhuri kwa macho yake, kisha irudi hapa mezani. Muishike kwa pembeni. Anza hapo, mchungaji.

(Mchungaji anaipokea, haitazami, anampa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa haitazami, anampa mama wa maziwa. Sijaona karatasi ikienda mbio namna ile katika mkutano wa Mwenyekiti. Inafika kwa Sista Rebeccah, na Sista anampa Phelis. Haiendelei zaidi ya hapo.)

Kwa kumalizia, na nikisema kumalizia ninamaanisha robo saa, nataka tushirikiane katika wito wetu. Nikisema samaki, mseme juu.

(Watu wamefungua njia katikati, na Phelis anapita kuelekea lori. Mama mmoja anampa sweta yake. Mwingine anamwekea mahindi ya kuchemsha kwa karatasi.)

Nikisema neva, mseme juu. Mbona upande wa kulia mnaondoka? Barua ifike mezani sasa. Mama Phelis, lori ni la majani, si la wagonjwa, na hakuna kikao kilichopitisha usafiri huo.

(Weldon amempandisha Phelis mbele, na Sista Rebeccah amepanda kando yake. Phelis anachungulia dirishani. "Mwenyekiti, asante kwa miezi mitatu. Kesho mtafute mtu mwingine wa kupimwa kwa ufito." Hakusema kwa hasira, lakini wote tulisikia. Ni saa saba kasoro dakika tano, na Weldon hakungoja.)

Tulieni, tulieni. Hotuba huisha kwa shukrani, nami sitaki kuondoka kama mtu asiye na adabu. Namshukuru mwenye ardhi ambaye angetupa kiwanja cha maabara kama tungemwomba. Nawashukuru mafundi ambao tungewaita. Nawashukuru wataalamu wa Nairobi, ambao hawajui kwamba sisi tupo, na yule mama Mzungu wa picha, ambaye pengine bado anatafuta kikombe chake cha chai nilichokunywa. Naishukuru ghorofa ya juu na ghorofa ya chini. Nawashukuru samaki punda milia popote walipo, maana hapa hawajawahi kufika hata mmoja. Jumatatu nina wageni wanaokuja kukagua mradi, na niwaambie ukweli kwa kuwa tumebaki wachache: nyumba hatuna, samaki hatuna, dawa hatuna, hadubini hatuna. Tulikuwa na mgonjwa mmoja na barua moja yenye muhuri. Faili lote lilikuwa barua ile. Mtu akimbie amwambie Weldon asimame. Mwambieni mradi wote uko kwenye lori lake. Kipkorir, wewe una miguu, kimbia.

(Nilisimama, lakini sikukimbia. Nilikwenda barabarani nikasimama na wengine tukilipungia lori mkono hadi likapotea kwenye chai, na kwa sababu hiyo maneno ya mwisho ya Mwenyekiti hayakuandikwa.)